Saa ya Kuingia Ina Mwenzake

Leo tunamzungumzia mtu anayezidi kuonekana katika miji yetu: aliyekuwa akijipangia saa zake mwenyewe, kisha akapata ajira ya ofisini. Ni mfasiri aliyekuwa akifanyia kazi zake nyumbani, mpiga picha wa harusi na semina, mshauri wa miradi aliyelipwa kwa ripoti, mwandishi wa kujitegemea, fundi wa kompyuta aliyewafuata wateja walipo. Siku moja barua ya ajira inafika. Mshahara ni wa mwisho wa mwezi, bima ya afya ipo, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, inakatwa na mwajiri anaongeza yake, likizo ni siku 28 kwa mwaka. Ndugu wanampongeza, wengine wanaanza kumkopa. Wiki chache baadaye yule yule aliyepongezwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka, anachelewa, uso umekunjamana, na ofisini minong'ono imeshaanza kwamba mwenzetu huyu hakuzoea kazi.

Hiyo kauli ya "hakuzoea kazi" ndiyo ninayotaka kuipinga. Inatolewa haraka, na inapendwa kwa sababu inamtwisha mtu mmoja lawama yote na kuiacha ofisi ikiwa safi. Lakini itazame vizuri. Anayelipwa kwa kazi iliyokamilika hana mshahara wa siku aliyoumwa, wala wa siku umeme ulipokatika, wala wa wiki mteja alipopotea na simu yake. Anakesha kumaliza ripoti ya watu, alfajiri anaituma, na mchana analala ukidhani ni mvivu. Mtu huyo hakukosa nidhamu. Nidhamu yake ilishikwa na kazi yenyewe: ikiisha anapumzika, isipoisha halali. Sasa ameingia mahali ambapo kumaliza mapema hakumruhusu kuondoka. Naamini mabadiliko hayo mtu anaweza kuyameza, tena wengi wanayameza. Kinachowakwama kooni ni kingine: ofisi nyingi zinadai ratiba ya upande mmoja. Saa ya kuingia inalindwa na mashine ya alama za vidole, au na afisa utumishi aliyekaa na daftari la mahudhurio mlangoni. Saa ya kutoka haina mlinzi.

Malalamiko haya ni ya zamani kuliko simu na kompyuta. Mwaka 1967 mwanahistoria wa Uingereza, E. P. Thompson, alichapisha makala ambayo hadi leo inasomwa vyuoni, kuhusu namna watu wa nchi yake walivyotolewa kwenye kazi inayopimwa kwa shughuli na kuingizwa kwenye kazi inayopimwa kwa saa. Mfumaji wa nyumbani, kabla ya viwanda, alikwenda kwa mkupuo. Wiki ilianza taratibu, Jumatatu wengi hawakugusa kazi kabisa, kisha kuelekea mwisho wa wiki watu walikesha ili kitambaa kiwe tayari. Viwanda vilileta kengele, faini na mnyapara. Katika ushahidi alioukusanya Thompson, lipo jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko nadharia zake zote: wafanyakazi wa zama zile walieleza kwamba wapo wenye viwanda walioisogeza saa ya ukutani mbele asubuhi na kuirudisha nyuma jioni, na kwamba mfanyakazi aliogopa kuingia na saa yake mwenyewe mfukoni. Angalia nani hasa alikuwa haheshimu saa pale. Na angalia wafanyakazi walifanya nini baadaye. Hawakudai saa ziondolewe ukutani ili warudi kwenye Jumatatu zao za zamani. Walidai saa ihesabiwe kwa haki. Mwaka 1847 Bunge la Uingereza likapitisha kikomo cha saa kumi kwa siku kwa wanawake na vijana wa viwanda vya nguo, na mwaka 1919 mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani ukaweka saa nane kwa siku na 48 kwa wiki kwa kazi za viwandani. Watu walewale walioonekana hawawezi kufungwa na saa ndio walioigeuza saa kuwa ngao yao.

Pwani yetu nayo ina kisa chake. Katika bandari ya Mombasa, hadi miaka ya 1940, mizigo ilipakiwa na kupakuliwa zaidi na makuli wa kutwa. Kuli alifika siku aliyotaka, akachukuliwa, akalipwa ujira wake, na kesho kama alikuwa na shamba la kulima, au msiba, au mwili umekataa tu, hakuja. Frederick Cooper, mwanahistoria wa Marekani aliyeandika kitabu kizima kuhusu makuli hao mwaka 1987, ameeleza jinsi maofisa wa kikoloni walivyoitazama hali ile: kwao ilikuwa uvivu, tena hatari kwa utulivu wa mji. Mgomo wa 1939 na ule mgomo mkuu wa Januari 1947 uliosimamisha Mombasa nzima iliwashtua. Wakataka watu wachache wanaojulikana kwa majina, waliosajiliwa, wanaofika idadi ya siku iliyopangwa kila mwezi, na asiyefika afutwe kwenye orodha. Mtu akiishia hapo atasema amri ilitosha kumgeuza kibarua kuwa mwajiriwa. Haikutosha. Usajili ule ulikwenda na mishahara iliyopanda, na chama cha wafanyakazi wa bandari kilichoweza kukaa meza moja na waajiri. Mgomo mwingine wa 1955 ulipozuka, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya, ndiye aliyeshuka Mombasa kusaidia kutafuta suluhu. Kazi ya bandari ikaja kuwa ya kung'ang'aniwa. Waliokuwa wakiitwa watu wasiotaka kazi ya kila siku waliikubali kazi ya kila siku ilipokuja na kitu mkononi na kauli mezani. Sisemi hawakupoteza chochote. Walipoteza ile ruhusa ya kutokuja kesho, na kwa mtu mwenye shamba na jamaa wa kuwazika hilo si dogo. Lakini walipoteza wakijua wanapata nini.

Mtu anaweza kuniambia kwamba makuli wa Mombasa na wafumaji wa Uingereza ni watu wa kale, na kijana wa leo anayefanya kazi kwa kompyuta ndogo mgahawani anataka uhuru wenyewe, hataki kubadilishana na chochote. Wapo wachumi waliolipima jambo hili kwa fedha, na fedha husema kweli kuliko dodoso. Alexandre Mas na Amanda Pallais walichapisha mwaka 2017 utafiti uliofanywa Marekani kwa watu waliokuwa wakiomba kazi halisi katika kituo cha huduma kwa simu. Waombaji walipewa kuchagua kati ya ajira zenye masharti na malipo tofauti, ili ionekane mtu yuko tayari kuachia kiasi gani cha mshahara apate sharti analolipenda. Wengi wao hawakuwa tayari kuachia chochote ili tu wajipangie saa. Ili wafanyie kazi nyumbani, kwa wastani walikuwa tayari kuachia asilimia 8. Lakini ili kumkwepa mwajiri anayewapangia saa yeye mwenyewe kwa taarifa ya wiki moja tu, walikuwa tayari kuachia asilimia 20. Hebu tulia hapo. Tunadhani watu wanakimbia saa za kudumu, kumbe wanachokimbia zaidi ni saa zisizotabirika zilizo mikononi mwa mtu mwingine.

Utafiti mwingine unaelekea hukohuko kwa njia nyingine. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliifuatilia kampuni kubwa ya usafiri ya China, Ctrip, iliyowaruhusu baadhi ya wahudumu wake wa simu kufanyia kazi nyumbani kwa miezi tisa. Utendaji wao ulipanda kwa asilimia 13. Wapenzi wa kazi huru huishia kwenye takwimu hiyo na kushangilia. Kuna mwendelezo. Majaribio yalipokwisha, kampuni iliwaachia wachague tena, na zaidi ya nusu wakabadili walichokuwa wamechagua; wapo walioomba wenyewe kurudi ofisini, na upweke wa nyumbani ulikuwa sababu kubwa. Baada ya kila mtu kukaa alipochagua, faida ya kufanyia kazi nyumbani ilifika asilimia 22. Kwa hiyo ofisi si adhabu. Kwa mtu aliyekaa miaka chumbani na kompyuta yake, akila saa tisa kwa sababu hakuna wa kumkumbusha, watu wa kuongea nao ni sehemu ya mshahara. Hata jioni ni sehemu ya mshahara, na hili waliojiajiri wanalijua lakini hawapendi kulisema. Kazi huru ina tabia ya kuenea hadi kitandani. Familia haijui lini baba anafanya kazi na lini ameshika simu tu. Ajira yenye saa ingempa mtu huyu jioni yake kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kama jioni hiyo ingeachwa iwe jioni.

Na hapa Tanzania sheria imekwisha sema iachwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, saa tisa kwa siku, siku sita kwa wiki. Mtu akifanya kazi saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Saa za ziada haziagizwi kwa kumshika mtu bega anapofunga mkoba wake. Zinahitaji makubaliano, hazizidi 50 katika kila wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kuna kipengele kingine ambacho kinasahaulika: mfanyakazi apate kwa kawaida saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kumaliza siku moja na kuanza nyingine. Piga hesabu. Ofisi inayotaka watu wake wawe mezani saa 1:30 asubuhi ilitakiwa iwe imewaachia ifikapo saa 1:30 usiku uliotangulia. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Sheria hiyohiyo inaruhusu hata wiki iliyobanwa, yaani siku ndefu zaidi lakini chache zaidi, kwa makubaliano ya maandishi. Wanaobaki nje ya masharti haya ya saa ni mameneja wanaosimamia kwa niaba ya mwajiri na kuripoti kwa wakubwa wa juu. Sasa keti na mwajiriwa mpya yeyote umuulize alipokabidhiwa kanuni za ofisi aliambiwa nini kati ya hayo. Ataorodhesha adhabu za kuchelewa, moja baada ya nyingine. Mara nyingi hayo mengine hakuyasikia.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu zaidi ya mengine: kazi ina dharura. Zabuni inafungwa kesho, mkaguzi amekuja bila taarifa, mfumo wa malipo umeanguka mwisho wa mwezi. Nani atasema saa yangu imefika na kuondoka? Jibu langu ni kwamba sheria haikuikataza dharura, iliipangia bei. Malipo ya saa moja na nusu kwa kila saa ya ziada ni namna ya kumfanya bosi ajiulize kama kweli jambo hili haliwezi kusubiri asubuhi. Bei ikiondolewa, kila kitu huwa dharura, hata ile barua iliyokaa kwenye meza yake siku nne. Na yule aliyetoka kwenye kazi huru anaijua dharura kuliko wengi pale ofisini. Zamani mteja akitaka kazi usiku alilipa zaidi. Kinachomshangaza ni kwamba hapa usiku ni bure.

Lipo pingamizi la pili, ambalo husemwa kwa methali: ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Ajira ni chache, waombaji ni wengi, na mtu aliyepata mshahara hana haki ya kuanza kuhesabu dakika. Kwa kweli walio wengi katika nchi hii hawana hata huo mkataba wa kulalamikia. Mama lishe anaamka saa kumi usiku na hakuna sheria inayomkinga. Nakubali. Lakini uhaba wa ajira unaeleza kwa nini watu wanavumilia, hauelezi kwa nini mwajiri ajiumize mwenyewe. Ofisi iliyotangaza nafasi, ikasaili watu, ikamfundisha aliyepita, kisha ikampoteza baada ya miezi minne, imetumia fedha na muda kupata kiti kitupu. Nao wanaotoka kwenye kazi huru ndio wepesi zaidi kuondoka, kwa sababu namba za wateja wao wa zamani bado wanazo.

Nao waliojiajiri wana lao: kwa nini tuhesabu saa hata kidogo? Tupimwe kwa matokeo. Kwa kazi kadhaa sina neno la kuwapinga. Anayeandika programu au kuhariri kitabu hahitaji kuonekana saa 1:30. Ila kazi nyingi za ofisi ni za kusubiriana. Mwananchi yuko dirishani, mwenzako anahitaji sahihi yako ili naye aendelee, kikao hakiwezi kufanyika nusu ya watu wakiwa hawajaamka. Na matokeo nayo hayana ukingo: anayepimwa kwa matokeo peke yake anaweza kudaiwa matokeo hadi usiku wa manane, bila mtu kuvunja sheria yoyote ya saa. Kwa mnyonge, saa iliyoandikwa ni afadhali.

Mwajiriwa mpya naye ana deni lake, na siwezi kulipita. Wapo wanaoingia ofisini bila kuiaga kazi ya zamani. Asubuhi yuko mezani, lakini nusu ya akili iko kwenye tafsiri ya mteja inayotakiwa saa kumi jioni. Usiku anamalizia kazi ya pili, na kesho anasinzia kwenye kikao. Mtu huyo hajachoshwa na ofisi, amechoshwa na ofisi mbili, na hana uso wa kudai saa ya kutoka iheshimiwe ilhali yeye ameila saa ya kuingia. Zaidi ya hapo, mwili unataka muda wake. Aliyezoea kulala saa nane usiku hageuki kuwa mtu wa alfajiri kwa sababu amesaini mkataba, na anayeishi Mbagala au Gongo la Mboto na kufanya kazi Posta, jijini Dar es Salaam, anatakiwa awe kituoni kabla hakujapambazuka. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia moja mpya. Ilichukua kwa kawaida siku 66 hadi tabia ijiendee yenyewe, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Hiyo ni tabia moja ndogo, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Siku nzima iliyopinduliwa haitazoeleka kwa wiki mbili. Kipindi cha majaribio katika ofisi nyingi ni miezi mitatu hadi sita, na ningependa wasimamizi wajue kwamba wakitoa hukumu mwisho wa mwezi wa kwanza, wanahukumu usingizi wa mtu, uwezo wake bado hawajauona.

Naomba nimalizie kwenye simu, maana siku hizi mashine ya vidole iko mlangoni lakini mlango wenyewe umehamia mfukoni. Mtu ametoka saa 10:30 jioni, amefika nyumbani usiku baada ya foleni, na kundi la WhatsApp la idara linaita: nani ana lile faili, nani anathibitisha kesho, mbona fulani kimya. Ufaransa ilianza mwaka 2017 kuzitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana kwa mawasiliano ya kazi baada ya saa za kazi. Nchini Kenya nako, mwaka 2022, Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wenye nia hiyo, na waajiri wakaupinga kwa hoja ya ushindani na gharama. Hoja ya gharama ni ya kweli, na ndiyo ileile ya saa za ziada: kinachogharimu ni kazi inayofanyika, na kama leo haimgharimu mwajiri, inamgharimu mtu mwingine, usiku, akiwa na mtoto mapajani. Kwa mambo kama haya ofisi haina haja ya kusubiri Bunge. Mkuu wa idara anaweza kuandika ujumbe wake saa tatu usiku kama ndipo alipoukumbuka, akaupangia utoke asubuhi. Programu nyingi za barua pepe zina kitufe hicho. Na wewe unayekwenda kusailiwa wiki ijayo, ukifika pale wanapouliza kama una swali, usianze na mshahara. Uliza ofisi hufungwa saa ngapi, kisha uliza jana mtu wa mwisho aliondoka saa ngapi.